Daktari wa Utafiti Si Mumiani, Lakini Aulizwe Maswali



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya ya jirani alinisubiri nje ya kanisa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanivuta kando. Mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelazwa kwa saratani ya damu. Madaktari waliwaomba wazazi watie sahihi karatasi ili mtoto aingizwe katika utafiti wa tiba. Usiku ule ndugu walikaa kikao. Mmoja alisema mtoto anataka kufanywa panya wa maabara. Mwingine alisema damu yake itauzwa ng'ambo. Wakakubaliana mtoto atolewe wodini kimyakimya, arudishwe kijijini, atafutiwe mitishamba.

"Daktari," akaniuliza, "wewe kazi hiyo umeifanya. Tuambie ukweli. Tusaini au tumtoroshe?"

Nilimjibu palepale: "Mama, msimtoroshe. Kusaini ni hiari yenu. Lakini hata mkikataa kusaini, mtoto ana haki ya kutibiwa kama watoto wengine. Mkimtorosha, atakufa."

Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu naliandika hapa, kwa sababu najua swali la mama yule liko katika nyumba nyingi za parokia zetu. Ni kweli kazi hiyo nimeifanya. Kwa miaka mitatu nilikuwa daktari wa utafiti katika wodi ya saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita. Nina mambo ya kuitetea kazi ile, na nina mambo ya kuilaumu.

HOFU HII HAIKUTOKA HEWANI

Wazee wetu walikuwa na hadithi za mumiani. Wakati wa ukoloni, katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, watu walinong'onezana kwamba magari ya zimamoto hukamata watu usiku ili wakanyonywe damu. Tunaweza kucheka, lakini mtu aliyetawaliwa bila kuulizwa huona kila anayekuja na sindano kuwa mwizi.

Tena yako mambo yaliyotokea kweli. Huko Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa na idara ya afya ya serikali bila kuambiwa ukweli na bila kupewa tiba, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaponya. Mwaka 1951, katika hospitali moja ya Baltimore, mama mmoja mweusi aitwaye Henrietta Lacks alichukuliwa kinyama cha saratani ya mlango wa kizazi. Yeye alifariki mwaka huohuo, lakini chembe zake ziliendelea kuishi katika maabara duniani kote, zikasaidia kuleta maarifa makubwa. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Kwa hiyo simlaumu baba aliyekosa usingizi. Anayeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Namlaumu tu akiishia kwenye hofu, akakimbia bila kuuliza.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Watu hudhani daktari wa utafiti ni mtu anayechanganya dawa mpya chumbani na kuzijaribu kwa maskini. Kazi yangu haikuwa na siri kiasi hicho. Asubuhi nilipita wodini kama madaktari wengine. Niliangalia nani ana homa, nani ametapika, dripu ya nani imevimbisha mkono. Kisha ilianza kazi ya pili: kupima uvimbe kwa rula na kuandika, kuhesabu chembe za damu na kuandika, kuuliza mgonjwa amekula nini na kuandika. Nusu ya kazi ni kalamu. Daktari asiyeandika hukumbuka waliopona, na huwasahau waliokufa nyumbani.

Dawa ya saratani hupita ngazi tatu kabla ya kukubaliwa. Katika ngazi ya kwanza, watu wachache hupewa ili ijulikane ni kiasi gani kisicho na madhara makubwa. Mara nyingi hawa ni wagonjwa ambao dawa za kawaida zimeshindwa. Katika ngazi ya pili, huangaliwa kama uvimbe unapungua. Katika ngazi ya tatu, dawa mpya hulinganishwa na tiba inayotumika sasa, kwa wagonjwa wengi, na mara nyingi mgonjwa huingia kundi hili au lile kwa kura.

Neno hilo "kura" huwakera wazazi. "Mwanangu apewe dawa kwa kura kama bahati nasibu?" Sababu ni hii: kura hufanywa pale tu ambapo hakuna anayejua tiba ipi ni bora. Daktari akijua kwamba dawa moja ni bora, basi kupiga kura ni dhambi. Asipojua, na akachagua kwa kupenda kwake, atawapa dawa mpya wale wenye nguvu, kisha atasema dawa ni nzuri, kumbe ni nguvu za wagonjwa.

Hapa niseme jambo ambalo watafiti wengi hawalisemi kwa sauti. Utafiti si tiba yenye jina jingine. Tiba humtazama mgonjwa huyu. Utafiti humtazama huyu pamoja na wale watakaokuja. Pengine mwanao atafaidika, pengine hatafaidika, na mtoto wa mwingine ndiye atakayepona miaka 10 baadaye. Mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajashika kalamu.

TUMEPATA NINI?

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu pande zote mbili za taya. Baada ya muda mfupi alimwona mwingine huko Jinja. Akaanza kuuliza hospitali za serikali na za misheni: je, kwenu wapo? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila kituo. Wakaona kwamba ugonjwa unafuata nchi zenye joto na mvua, zilezile zenye malaria nyingi. Vinyama kutoka Kampala vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakagundua ndani yake kirusi kipya. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kisha ikaja kazi ya tiba. Mwaka 1967 ilifunguliwa Kampala taasisi ya saratani, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani. Daktari kijana Mmarekani, John Ziegler, aliiongoza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mganda Charles Olweny akaichukua katika kipindi kigumu cha utawala wa Idi Amin. Pale walijifunza kwamba saratani hii ya taya huyeyuka haraka kwa dawa, lakini hupenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo. Walijifunza pia kwamba mtoto aliyerudiwa na ugonjwa bado anaweza kupona akitibiwa tena. Na jambo hili lilijulikana kwa sababu watumishi wa taasisi walitoka kwenda vijijini kuwatafuta waliotibiwa, kuona nani yu hai.

Mjukuu wa mama yule ana saratani ya damu. Kabla ya mwaka 1948 karibu kila mtoto mwenye saratani kali ya damu alikufa, mara nyingi ndani ya miezi michache. Mwaka huo Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba kati ya watoto 16 aliowapa dawa mpya, 10 walipata nafuu. Nafuu ile ilikuwa ya muda, na ugonjwa ulirudi. Lakini utafiti mmoja uliushika mkono mwingine, dawa ikaongezwa juu ya dawa, na leo katika nchi tajiri watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye aina iliyo ya kawaida zaidi ya ugonjwa huu hupona. Sisi hatujafika huko, na sababu moja kubwa ni kwamba watoto wetu hufika hospitali wamechelewa, na wengine huacha tiba katikati.

Mfano wa mwisho ni wa hapa kwetu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Kuna chanjo ya kuizuia, iliyokuwa ikitolewa kwa dozi mbili au tatu. Mjini Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia katika utafiti kuona kama dozi moja inatosha kuamsha kinga ya mwili. Huko Kenya, wanawake vijana 2,275 waliingia katika utafiti mwingine wa kupima kama dozi moja inazuia maambukizo. Majibu ya tafiti zote mbili yalichapishwa mwaka 2022, na yalikuwa mazuri. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja kwa wasichana, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Msichana wa kijijini sasa anachomwa mara moja, basi. Wasichana wa Mwanza waliokubali kutolewa damu na kurudi kliniki tena na tena ndio waliomsaidia.

BIBI ALIYENIULIZA SWALI

Sasa nieleze lawama yangu, nikianza na mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili wodini aliletwa mtoto wa kiume wa miaka saba kutoka kijiji cha kando ya ziwa. Taya la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho limesukumwa. Bibi yake ndiye aliyemlea. Nilikaa naye na fomu ya ridhaa yenye kurasa nyingi, nikaanza kumsomea. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Damu ya mjukuu wangu inakwenda wapi? Na nani atakuja kuniambia mlichokiona ndani yake?"

Nikarudi kwenye ukurasa wa nne, nikamsomea tena.

"Mwanangu," akasema, "nimekuuliza wapi, na nani. Wewe unanisomea."

Niliona aibu. Nikaweka karatasi chini, nikampeleka maabara, nikamwonyesha jokofu na hadubini. Nikamwambia kwamba sehemu ya damu itapimwa pale, na sehemu itapanda ndege kwenda nchi nyingine yenye mashine tusiyokuwa nayo. Nikamwahidi kwamba majibu nitamletea mimi mwenyewe. Akaweka dole gumba.

Ndani ya siku chache uvimbe ulinywea. Baada ya mzunguko wa pili wa dawa mtoto alikuwa anakula ugali na kucheza koridoni. Ulikuwa wakati wa mavuno, nauli imekwisha, na kwa macho ya familia mtoto alikuwa amepona. Wakaondoka. Namba ya simu waliyoacha haikupatikana. Niliomba fedha za pikipiki ili mtu awafuate kijijini. Nikaambiwa bajeti ya mradi ina fedha za kusafirisha damu kwa ndege, lakini haina fungu la kumfuata mtoto nyumbani.

Alirudishwa baada ya miezi mitatu, uso umepooza upande mmoja. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ubongo. Tulimtibu tena, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Akafariki.

Majibu ya utafiti yalitoka zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Mradi ulikuwa umefungwa, mimi nimehamia kwingine. Yaliandikwa katika jarida la wataalamu, na hakuna familia hata moja iliyoitwa kuambiwa. Ilinichukua muda mrefu kupata moyo wa kwenda kwa bibi yule. Nilipofika nilimweleza tulichojifunza kuhusu ugonjwa uliomuua mjukuu wake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wale wenzake wa wodini, wamepona?" Nikamwambia baadhi wamepona, wako shuleni. Akasema, "Basi karibu ndani."

MASWALI YA KUULIZA

Ndugu msomaji, ukiombwa wewe au mtoto wako aingie katika utafiti, usikimbie, wala usisaini kwa heshima tu kwa kuwa daktari amevaa koti jeupe. Uliza haya:

1. Utafiti huu unatafuta kujua nini? Daktari akishindwa kukueleza kwa lugha unayoielewa, mwambie arudi kesho akiwa amejiandaa.

2. Nisipokubali, nitatibiwa kwa dawa gani? Jibu lazima liwepo, na lazima liwe tiba halali ya hospitali.

3. Ni ngazi ya ngapi, na madhara gani yameonekana kwa waliotangulia?

4. Nani ameruhusu utafiti huu? Hapa Tanzania lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, kama ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Utafiti wa dawa mpya unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba kuonyeshwa barua. Kwenye fomu yako lazima iwepo namba ya simu ya kupiga ukiwa na malalamiko.

5. Damu au kinyama changu kitakwenda wapi, kitatunzwa muda gani, na kitatumika kwa jambo jingine?

6. Nani atalipa vipimo na nauli? Nikiumia kwa sababu ya dawa, nani atanitibu?

7. Naweza kujitoa siku yoyote? Jibu ni ndiyo, bila kunyimwa tiba. Asiyekujibu hivyo, usimsainie.

8. Nani ataniletea majibu, na lini?

Una haki ya kwenda na karatasi nyumbani, kuisoma na ndugu, na kurudi baadaye. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe. Si mzigo wa kuhamishwa kitanda hadi kitanda.

WAJIBU WETU KAMA FAMILIA

Ukishakubali, nawe una deni. La kwanza, sema kweli. Kama mgonjwa anakunywa mitishamba, mwambie daktari. Hatakufukuza, ila dawa mbili zinaweza kugombana ndani ya ini. La pili, rudi siku uliyopangiwa, hata kama uvimbe umekwisha. Uvimbe ukitoweka machoni haujatoweka mwilini. La tatu, ukitaka kuacha, sema unaacha. Anayetoweka bila neno huwaacha madaktari wasijue kama amepona au amezikwa, na tiba yake nayo hukatika.

Hapa jumuiya zetu zinaweza kusaidia. Badala ya kikao cha kupanga kutoroka, kiwepo kikao cha kuchanga nauli ya kurudi kliniki. Badala ya kumwacha mama peke yake wodini wakati mahindi yanaoza shambani, majirani wamvunie. Laiti mtoto wangu wa kando ya ziwa angekuwa na majirani wa namna hiyo, huenda leo angekuwa kijana.

MAONI YANGU KWA WATAFITI

Kwa wenzangu nasema hivi. Kamati zetu za maadili zisipitishe utafiti wowote wa saratani usio na fungu mbili katika bajeti: fungu la kumfuata mgonjwa nyumbani, na fungu la kurudisha majibu kijijini. Mradi unaoweza kulipia sanduku la barafu na tiketi ya ndege hauwezi kuniambia umeshindwa mafuta ya pikipiki.

Pili, vijana wetu madaktari wapewe nafasi ya kujifunza kazi hii na kuiongoza. Si haki sisi tuwe watu wa kukusanya damu tu, na maswali yatungwe kwingine. Daktari aliyelelewa kando ya ziwa anajua kwa nini mgonjwa hutoweka wakati wa mavuno, na ataliuliza swali ambalo mgeni hatalifikiria.

Tatu, fomu ya ridhaa isomwe baada ya mazungumzo, si badala ya mazungumzo. Asiyeweza kukaa nusu saa na bibi kizee, kazi hii si yake.

Mtaniuliza, na yule mama wa baada ya Misa? Alirudi hospitali na baba wa mtoto, wakiwa na maswali yao kwenye daftari la shule. Walikaa na daktari asubuhi nzima. Mtoto hakutoroshwa, na dripu yake iliendelea. Kama walisaini au hawakusaini sikuwauliza, maana hiyo ni siri yao na hospitali yao.

Nawatakieni afya njema hadi mwezi ujao.